Aliyelala na Anayekesha: Utangulizi wa Taaluma ya Uuguzi na Mgonjwa Wodini

Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulivamiwa na polio. Katika hospitali ya Blegdam, iliyokuwa ikipokea wagonjwa wa maambukizi, watoto na vijana waliletwa wakiwa na akili zao timamu huku misuli ya kupumua imepooza. Hospitali ilikuwa na mashine moja kubwa ya kupumulia na sita ndogo za kuvaliwa kifuani. Kati ya wagonjwa 31 wa mwanzo waliowekwa kwenye mashine hizo, 27 walikufa. Tarehe 27 Agosti daktari wa nusukaputi, Bjørn Ibsen, alijaribu njia nyingine kwa binti wa miaka 12 aliyekuwa akielekea kukata roho: tundu dogo kooni, mrija, na mfuko wa mpira unaobinywa kwa mkono ili kusukuma hewa mapafuni. Binti akavuka. Likabaki swali la nani atabinya mfuko usiku na mchana kwa wagonjwa makumi kwa wakati mmoja. Wakaitwa wanafunzi wa udaktari, kwa jumla wapatao 1,500, wakapangiwa zamu, wakaketi kando ya vitanda na kuwapumulia watu wasiowajua. Vifo vikashuka hadi karibu robo. Desemba 1953 Ibsen alifungua wodi ya kudumu ya wagonjwa mahututi katika hospitali nyingine ya mji huohuo, na vitabu vingi huihesabu kuwa ICU ya kwanza duniani.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama ushindi wa daktari na mrija wake. Mimi nakisoma kama kisa cha kukesha. Kabla ya mashine za leo zenye vioo na kengele, ICU ilikuwa mtu aliyeketi karibu na mwenzake kwa saa nyingi, akitazama rangi ya midomo, akisikiliza kifua, akipima kwa macho kama mwenzake anaogopa. Mashine zilipokuja zilichukua kazi ya mkono. Kazi ya macho na masikio alibaki nayo muuguzi, na ndiyo inayochunguzwa na taaluma ninayomkaribisha msomaji: anayekesha anaona nini, aliyelala anapitia nini, na hayo yanabadilishaje matokeo ya tiba. Msimamo wangu nauweka wazi mapema, ili anayepinga ajue pa kunishika. Anayoyapitia mgonjwa kitandani ni ushahidi wa kitabibu sawa na kipimo cha damu au picha ya kifua. Hospitali isiyoukusanya inatibu ikiwa imefumba jicho moja.

Wanaoingia katika taaluma hii hutokea pande tofauti. Wapo waliosomea uuguzi, wanaotaka kujua lifanyike nini zamu ya leo. Wapo wanaanthropolojia, wanaoweza kuandika kurasa 20 juu ya foleni ya dawa. Wapo watu wa takwimu, ambao bila idadi hawasogei. Kila kundi huwachosha wengine, na sioni ubaya. Taaluma imekua kwa mabishano yao. Wala si changa kama inavyodhaniwa. Florence Nightingale, aliyewauguza askari wa Uingereza huko Scutari katika vita vya Crimea, alitoa mwaka 1859 kitabu cha Notes on Nursing, na humo kuna sura nzima kuhusu kelele. Alishaona kwamba kinachomtesa mgonjwa mara nyingi si kishindo. Ni mazungumzo ya sauti ya chini karibu na kitanda au nje ya mlango, ambayo mgonjwa anajua yanamhusu na anajikaza ayasikie. Aliyewahi kulala wodini madaktari wakinong'ona miguuni pake wakati wa raundi hahitaji kuelezwa zaidi. Leo Shirika la Afya Duniani linapendekeza sauti ya wodini usiku isizidi desibeli 30, na ICU nyingi zilizopimwa huvuka kiwango hicho kwa mbali.

Tuanze na aliyelala. Mgonjwa wa mashine ya kupumulia ana mrija uliopita katikati ya nyuzi za sauti, kwa hiyo hawezi kusema hata neno moja. Ana kiu asiyoweza kuitaja. Mikono yake huenda imefungwa ili asing'oe mrija, na hakuna aliyemweleza sababu, au alielezwa wakati dawa za usingizi zimemzidi. Taa haizimwi. Kengele zinalia, naye hajui ipi ni yake. Akili iliyonyimwa usingizi, ikaongezewa homa na dawa, huanza kujitungia maelezo, na waliopona hutoa maelezo yanayofanana kutoka nchi hadi nchi: wametekwa, wako kwenye meli au gari moshi, wauguzi wamekula njama ya kuwaua. Kuweweseka huku kumekutwa, katika tafiti kadhaa, kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa waliowekewa mashine. Yule anayepiga kelele na kurusha mateke huonekana na kila mtu. Asiyeonekana ni yule aliyetulia kimya akitazama dari, ambaye kwenye chati huandikwa kuwa amelala vizuri.

Ili kumpata huyu wa kimya, Wesley Ely na wenzake huko Nashville, Marekani, walitangaza mwaka 2001 kipimo kinachoweza kutumiwa kwa mtu asiye na sauti. Mgonjwa huambiwa abinye mkono wa muuguzi kila asikiapo herufi fulani, kisha huulizwa maswali ya kujibiwa kwa kutikisa kichwa: je, jiwe huelea juu ya maji? Je, baharini kuna samaki? Maswali ya chekechea, mtu atasema. Lakini yanachukua dakika chache, hayahitaji mashine wala umeme, na yanampa muuguzi jambo la kumwambia daktari lenye uzito zaidi ya “namwona hayuko sawa.” Ningekuwa na mamlaka ya kuchagua kitu kimoja cha kufundishwa katika kila chuo cha uuguzi cha ukanda wetu, ningechagua hiki kabla ya mashine yoyote mpya.

Kwa miongo mingi mgonjwa mwema wa ICU alikuwa yule aliyelala fofofo. Wazo hilo lilionekana la huruma, na pia lilirahisisha kazi. Mwaka 2000 Kress na wenzake wa Chicago waliwafuatilia wagonjwa 128; kundi moja lilisimamishiwa dawa za usingizi kila siku hadi waamke, jingine likaendelea kwa utaratibu wa kawaida. Waliokuwa wakiamshwa walikaa kwenye mashine siku 4.9, wenzao 7.3. Miaka kumi baadaye, huko Odense, Denmark, Strøm na wenzake walikwenda mbali zaidi wakawahudumia wagonjwa bila dawa za usingizi mfululizo, na siku za mashine zikapungua tena. Jaribio kubwa zaidi la mwaka 2020 halikuona tofauti ya vifo kati ya njia hizo mbili, kwa hiyo mabishano bado ni mabichi. Mimi hunivutia jambo dogo katika habari ya Odense: mgonjwa aliye macho wakati mwingine alihitaji mtu wa ziada wa kuketi naye na kumtuliza. Kwa hiyo ukipunguza dawa bila kuongeza mtu, umemwachia mgonjwa hofu yake peke yake. Mabadiliko yanayoitwa ya kitabibu hugeuka mara moja kuwa suala la orodha ya zamu.

Na akishatoka? Hapa ndipo taaluma ilipochelewa sana. ICU ilihesabu waliotoka hai, basi. Ni mwaka 2010 tu wataalamu walipokutana na kukubaliana jina moja la madhara yanayobaki: misuli iliyokonda kiasi cha kushindwa kupanda ngazi, kumbukumbu na umakini vilivyopungua, jinamizi na hofu za ghafla. Walijumuisha na ndugu, kwa sababu mke au mama aliyekaa wiki tatu nje ya mlango naye hurudi nyumbani na majeraha. Mtu aliyepona namna hii kijijini hupewa majina mengine, mvivu, aliyerogwa, aliyeharibiwa na dawa, na hakuna kliniki inayomwita arudi.

Wauguzi wa nchi za Skandinavia walijaribu dawa ya aina yake, daftari. Kila siku muuguzi, na ndugu akipenda, huandika kwa lugha nyepesi yaliyotokea: leo ulifungua macho, mwanao alikuja, ulitolewa mrija wa kifuani. Mgonjwa akipona hupewa daftari lake ajaze pengo la siku asizozikumbuka na atofautishe jinamizi na tukio. Utafiti wa mwaka 2010 katika nchi kadhaa za Ulaya, wenye wagonjwa 352, uliona kwamba baada ya miezi mitatu wenye dalili kamili za kiwewe walikuwa asilimia 5 katika kundi la daftari na asilimia 13 katika kundi lisilopewa. Watu walishangilia. Mwaka 2019 Wafaransa wakarudia jambo hilo katika ICU 35, na hawakuona tofauti. Mwanafunzi wangu akileta utafiti wa kwanza bila wa pili, namrudisha maktaba. Hata hivyo sidhani kwamba daftari limekufa. Kiwewe kilichopimwa kwa dodoso ni sehemu moja tu ya kile ambacho mtu hufanya na siku zake zilizopotea, na muuguzi anayeandika kila jioni juu ya mtu fulani analazimika kumwona mtu huyo. Faida hiyo ya upande wa mwandishi bado haijapimwa inavyostahili.

Hilo linatuleta kwa anayekesha. Makala ninayowapa wasomaji wapya kabla ya nyingine zote ni ya Isabel Menzies, mwanasaikolojia aliyechunguza wauguzi wa hospitali moja ya kufundishia London, iliyochapishwa karibu na mwaka 1960. Alikuta kazi ya kumhudumia mgonjwa mmoja imekatwa vipande na kugawiwa wengi: huyu joto, yule kitanda, mwingine dawa. Wagonjwa walitajwa kama ini la kitanda namba 10 au nimonia ya kitanda namba 15. Menzies hakuwasuta wauguzi. Alisema mpangilio wote ule ni kinga. Kumgusa mtu anayekufa, kumsafisha, kupokea hasira na aibu yake, ni mzigo unaotisha, na hospitali imejijenga ili asiwepo muuguzi mmoja atakayeubeba wote. Ubaya ni kwamba kinga ile ilimnyima pia furaha ya kumwona mtu akipona mikononi mwake, na wengi waliacha kazi. Kwetu husikika “yule wa kitanda cha saba” na “kesi ya mguu.” Mkufunzi anayemkaripia mwanafunzi kwa kusema hivyo, bila kuuliza anakinga nini, amefanya nusu ya kazi.

Malalamiko juu ya lugha chafu za wauguzi, hasa wodi za wazazi, yanajulikana kila mahali katika ukanda huu na sina nia ya kuyapamba. Rachel Jewkes na wenzake waliuliza kwa ujasiri mwaka 1998, huko Afrika Kusini, kwa nini wauguzi huwanyanyasa wagonjwa, na wakalifuata jibu hadi kwenye historia ya taaluma yenyewe, mafunzo ya kutii ngazi, na hamu ya kuonyesha tofauti kati ya muuguzi msomi na mgonjwa maskini. Kwa Tanzania kuna kitabu cha Adrienne Strong cha mwaka 2020, Documenting Death, kilichotokana na kukaa kwake katika hospitali ya mkoa huko Rukwa. Anaonyesha jinsi upungufu wa watu na vifaa, pamoja na makaratasi ya uwajibikaji, unavyobadilisha uhusiano wa wakunga na akina mama. Atakayekisoma hatatoka akiwasamehe wote, lakini hatatoka pia akidhani kwamba semina ya maadili ya siku mbili itatosha.

Watu wa takwimu nao wana neno lao. Linda Aiken na wenzake walichunguza hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania na mwaka 2002 wakaeleza kwamba kila mgonjwa mmoja zaidi anayeongezwa kwa muuguzi huambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30. Mwaka 2014 walirudia katika nchi tisa za Ulaya na kupata asilimia hiyohiyo. Kuambatana si kusababisha, na wapinzani wamelisema hilo sana. Hospitali yenye wauguzi wengi huwa na fedha za mambo mengine pia. Nami naongeza angalizo la kwetu. Mjadala ule ni wa muuguzi mwenye wagonjwa wanne ukimlinganisha na mwenye wanane. Hesabu yake haiwezi kunyooshwa tu hadi kwa muuguzi wa zamu ya usiku mwenye wagonjwa 30 au zaidi. Huko kazi yenyewe hubadilika: badala ya kuuguza anachagua, na hakuna aliyemfundisha kuchagua.

Nafasi iliyoachwa wazi hujazwa na ndugu. Wodi zetu nyingi haziendi bila yeye: ndiye anayeleta uji na chupa ya chai, anayefua shuka, anayemgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulalia, anayekimbiza sampuli maabara na kutafuta dawa duka la nje. Watafiti waliokaa katika wodi za watoto wachanga za hospitali za Nairobi, wakitazama zamu baada ya zamu, waliona kazi nyingi za msingi zikikosekana na akina mama wakibebeshwa sehemu yake bila mpango ulioandikwa popote. Kisha mgonjwa anapozidiwa na kupelekwa ICU, mambo hugeuka ghafla. Mtu aliyekuwa mfanyakazi asiyelipwa anasimamishwa mlangoni, anapewa dakika chache za kuona, na habari anazipata kwa yeyote anayetoka mlangoni. Sababu za usafi zipo, lakini si zote ni za usafi. Yule anayejua mgonjwa husikia kwa sikio lipi, anaogopa nini, na huwekewa mto namna gani, amebaki kwenye benchi. Taaluma imeandika mengi juu ya ndugu katika ICU za Ulaya, ambako swali ni namna ya kumkaribisha. Swali la kwetu ni jingine na halijapata waandishi wa kutosha: tumkubali vipi kama mshiriki wa kazi bila kumfanya kisingizio cha kutoajiri?

Hadi hapa nimetumia neno ICU kana kwamba wagonjwa mahututi wako ICU. Hawako. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Lancet, uliofanywa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, ulikuta kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa alikuwa mahututi, na zaidi ya theluthi mbili yao walikuwa wodi za kawaida. Zaidi ya nusu ya wale mahututi hawakuwa wakipata huduma za msingi zilizohitajika, na mmoja kati ya watano alikuwa amefariki ndani ya siku saba. Huduma za msingi maana yake oksijeni, dripu, kumlaza mtu aliyepoteza fahamu kwa ubavu ili asipaliwe. Nayaweka haya katikati kabisa ya taaluma, si pembezoni.

Katika mkondo huohuo Tim Baker, Carl Otto Schell na wenzao, wengine wakiwa wa Muhimbili, Dar es Salaam, waliongoza kazi ya kukubaliana orodha ya mambo ambayo kila mgonjwa mahututi apate popote alipo. Orodha hiyo, iliyotoka mwaka 2021, ina hatua 40 za huduma na mahitaji 67. Kabla ya hapo, katika ICU ya hospitali ya Muhimbili, walikuwa wamejaribisha utaratibu unaomruhusu muuguzi akiona dalili ya hatari, presha imeshuka au pumzi zimezidi, aanze hatua iliyokwisha kuandikwa badala ya kusubiri raundi. Uganda ilifanya jambo la ukoo huohuo mwaka 2004 ilipowaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika morfini kwa wenye maumivu makali. Mtindo wa kwetu wa kumtaka muuguzi aone kila kitu na asiamue chochote ni wa kikoloni na hauna ushahidi nyuma yake.

Msomaji mgeni atauliza aanzie wapi. Aanzie kwenye chati ya wodi ya kawaida, safu ya upumuaji. Katika nchi nyingi za dunia imeonekana kwamba namba za safu hiyo hurundikana kwenye 18 na 20, yaani hazikuhesabiwa. Pumzi ni ishara inayobadilika mapema mgonjwa anapoharibika, kuihesabu kunataka saa ya mkono na dakika moja kamili, na dakika hiyo ndiyo isiyokuwepo. Maswali yote ya taaluma yamo katika safu hiyo moja.

Akishaingia kwenye utafiti wenyewe, ajihadhari na shukrani. Mgonjwa akihojiwa kitandani, na mtu mwenye koti jeupe, atasema kila kitu ni kizuri, maana bado anahitaji dripu ya kesho. Dodoso nyingi za kuridhika zimejaa heshima ya aina hiyo. Mhoji nyumbani kwake, baada ya wiki kadhaa, na ikiwezekana pamoja na aliyemuuguza. Ajihadhari pia na sauti za waliopona peke yao. Waliokufa hawakujaza fomu, na wanaoweza kuwasemea ni ndugu waliokuwa benchi.

Liko jambo la mwisho ninalowaomba vijana wanaoingia. Mahojiano mengi na wagonjwa wa Tanzania na Kenya hufanywa kwa Kiswahili, hutafsiriwa, huchapishwa kwa Kiingereza, na aliyeyatoa hawezi kuyasoma wala kuyasahihisha. Muuguzi wa wilayani naye hayafikii. Fanyeni tafiti zenu, zitangazeni mnakotaka, kisha andikeni toleo la Kiswahili na lipelekeni katika wodi mlizofanyia tafiti hizo.